Nissan iliyotusomesha

(Kikundi cha familia, Buruburu)

*Jumatatu*

Mama: Hamjambo wanangu. Tumelala Nakuru salama, humu ndani ya Nissan ya baba yenu iliyokuwa matatu. Kitanda hakilii hata kidogo, yule fundi wa Kariobangi alijua kazi. Baba yenu ndiye aliyeamka mara mbili kukagua magurudumu.

Shangazi Mkamburi: Mungu ni mwema. Na baridi je, wifi? Si mngewasha jiko la makaa humo ndani dakika kumi, gari lipate joto kabla ya kulala?

Wakesho: Shangazi, hapana, tafadhali. Makaa ndani ya gari lililofungwa yanatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi. Mtu anasinzia na haamki. Nimewapokea wodini watu wa namna hiyo, na wengine hatukuwahi. Mama, jiko likae nje hata likionekana limezimika. Na dirisha moja liache wazi, vidole viwili.

Mama: Liko nje, mwanangu. Tuna blanketi nne na chupa ya maji moto.

Shangazi Mkamburi: Sikulijua hilo. Sisi Wundanyi tulikuwa tukilala na jiko chumbani miaka yote.

Wakesho: Nyumba ya bibi ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na mabati, Shangazi. Hewa ilipita. Hata hivyo usirudie.

Shangazi Mkamburi: Nimesikia.

Mghoi: Baba, mstari wa njano bado unaonekana chini ya rangi mpya?

Baba: Unaonekana. Nilimkataza fundi kuukwangua. Tuliupaka 2004 zile sheria za matatu zilipoanza, pamoja na mikanda na kidhibiti mwendo. Mwaka huo gari lilisimama wiki mbili na nyumbani tulikula sukuma wiki kila siku. Mama yenu hakusema neno.

Mghoi: Nakumbuka. Karo yangu ilichelewa na bado nililipiwa.

*Jumanne*

Mama: (saa tatu asubuhi) Tuko Kabarnet. Nimesimama ukingoni, Bonde la Kerio lote liko chini yangu, na ng'ambo ule ukuta wa Elgeyo umesimama wima kama umekatwa kwa panga. Huko juu ndiko Iten, twendako. Tunateremka sasa.

Mwakio: Sawa Mama. Polepole.

Mwakio: (saa tano) Mmefika wapi?

Mwakio: (saa tano na nusu) Kuna mtu amewapata? Simu zote mbili hazipatikani.

Wakesho: Mimi pia nimejaribu.

Mghoi: Bondeni netiwaki ni ya shida. Tusubiri.

Mwakio: Nimesubiri saa mbili na nusu.

Baba: (saa sita na robo) Mwakio, tulia. Tuko Chebloch, darajani. Tu wazima. Nawaeleza mara moja ili msije kusikia vipande vipande.

Kutoka Kabarnet niliteremka kwa gia ya tatu, nikiamini barabara ya milima naijua kwa sababu ya kona za Mwatate kwenda Wundanyi. Baada ya kona kadhaa nikasikia harufu ya kuungua, na pedali ikaanza kuwa laini, inazama. Nikaingiza ya pili, kisha ya kwanza, nikavuta breki ya mkono na kuegesha kwenye kokoto upande wa mlima. Kabla sijafungua mlango mama yenu alikuwa ameshashuka, anatafuta mawe ya kuweka mbele ya magurudumu.

Kosa lilikuwa langu. Gari hili limezoea Jogoo Road, simama ondoka. Zamani abiria walikuwa wanashuka, mzigo unapungua. Sasa lina kitanda, meza, maji lita 80 na mtungi wa gesi, na vyote hivyo haviteremki popote. Kwenye mteremko mrefu ukishikilia breki tu, zinapata moto mpaka hazishiki tena. Injini ndiyo inayotakiwa kulizuia gari.

Kijana wa bodaboda alisimama, akataka kumwaga maji kwenye magurudumu. Nikamshukuru, nikamzuia. Chuma chenye moto ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka. Tulikaa kivulini saa nzima mpaka kikapoa chenyewe. Halafu gia ya pili hadi bondeni, nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia.

Mwakio: Baba, ungenipigia.

Baba: Netiwaki haikuwepo. Na ungefanya nini nawe uko ofisini Upper Hill?

Mwakio: Ningejua tu.

Baba: Ni kweli. Leo na kesho, kabla ya kila mteremko na baada yake, nitakupigia.

Wakesho: Mama presha yako ikoje?

Mama: Nimemeza dawa asubuhi. Mikono ilitetemeka kidogo pale kwenye mawe, sasa imetulia. Hapa ni joto la Voi kabisa. Mto Kerio unabanwa katikati ya majabali, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na vijana wanajirusha kutoka juu. Mmoja alipochupa nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa tayari anapanda mwamba tena.

*Jumatano*

Mama: Iten kuna baridi, na maharagwe yamekataa. Tangu saa kumi jana jioni mpaka saa mbili usiku, bado yanagonga meno. Tukala mkate na chai.

Mghoi: Ni urefu Mama. Mko kama mita 2,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, hayafiki 100. Hata uongeze moto, hayapandi. Yaloweke usiku kucha, au ununue sufuria ya presha.

Mama: Nimeyaloweka. Asubuhi saa kumi na mbili wanariadha walipita makundi kwa makundi, husikii ila viatu kwenye udongo. Baba yenu alitoka na blanketi mabegani akasimama akiwapungia wote. Wengi walimjibu.

Baba: Pedi za breki nimebadilisha hapa. Mwakio, pesa zimefika, ubarikiwe. Zile za zamani zimekuwa nyeusi na kung'aa kama kioo. Nimezihifadhi nikuonyeshe.

*Alhamisi*

Baba: Tumevuka Cherangani kupitia Kapcherop, tukalala Kitale. Mteremko ulikuwa gia ya pili mwanzo mwisho. Mwakio ni shahidi, nimempigia mara nne.

Mwakio: Tano 🙏🏾

Mama: Wanangu, niko Kapenguria. Naandika polepole mnivumilie.

Nimefundisha historia miaka 31. Kila mwaka nimeandika ubaoni majina sita ya wapigania uhuru walioshtakiwa hapa na serikali ya kikoloni: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko, Kung'u Karumba. Nimewatungia wanafunzi maswali, nimesahihisha majibu, nimewakata alama waliosahau tarehe ya hukumu, 8 Aprili 1953, na kifungo cha miaka saba cha kazi ngumu. Lakini sikuwahi kufika. Likizo ilikuwa ya kwenda Taita, na pesa ilikuwa ya karo.

Leo nimeingia kwenye vile vyumba vya gereza. Ni vidogo. Nilinyoosha mkono nikagusa ukuta, ni wa baridi, na mwanga unaingia kwa kidirisha cha juu tu. Nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba kesi ililetwa huku kwa sababu palikuwa mbali na watu, hapakuwa na reli wala hoteli. Nilikuwa naisema tu. Baada ya siku nne za barabara hii nimeielewa kwa mgongo. Na kesi yenyewe ilisikilizwa katika darasa la shule. Hilo pia nilikuwa nalisema kila mwaka, bila kusimama hata kidogo.

Baba yenu alikaa nje langoni, akasema nichukue muda wangu. Nimechukua saa mbili. Nilipotoka alikuwa amechemsha chai.

Wakesho: Mama nimelia kazini.

Shangazi Mkamburi: Wifi, picha tafadhali. Nitawaonyesha wajukuu.

Mama: Nitatuma jioni, chaji imebaki kidogo.

Mghoi: Kesho ni Mlima Elgon, ama? Nilitaka mlione lile pango la Kitum, ndovu wanaingia usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe.

Baba: Elgon itangoja. Kesho hatuendi popote. Mama yenu anataka kurudi pale asubuhi na daftari.

Mwakio: Sawa Baba. Mtakapoondoka, nipigie.