Nyanya zimenishinda mara mbili Kigamboni. Bustani ya Pwani inakwendaje mwaka mzima?

Mgeni_Kibada
Habari zenu wakubwa. Nilihamia Kigamboni mwaka jana mwezi wa tatu nikitokea Singida. Kwetu mvua ni moja: ikianza Desemba tunapanda, ikikatika tunasubiri kuvuna. Huku mvua ni mara mbili na kila jirani ana lake. Aprili nilipanda miche 40 ya nyanya. Wiki tatu ilipendeza, kisha majani yakaingia mabaka meusi, na ndani ya siku chache yote yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto. Novemba nikarudia. Safari hii maua yanapukutika, na matunda machache yaliyoshika yametobolewa na kantangaze, yule kiwavi mdogo wa nyanya. Eneo langu ni kama mita 10 kwa 8 nyuma ya nyumba, mchanga mtupu, maji ya kisima. Naomba mwenye uzoefu anieleze, mwezi gani nifanye nini?

MamaNgogwe
Pole mwanangu. Mkono wako hauna kosa. Umepanda nyanya nyakati mbili ambazo mimi sizipandi kabisa, na huu ni mwaka wangu wa 14 nalima huku huku kwenye mchanga.

Nianze na Februari hii tuliyo nayo, kwa sababu bustani ya masika hutengenezwa sasa, jua likiwa kali na watu wamekata tamaa. Ardhini nina matembele na kisamvu tu. Kazi yangu kubwa ni mbolea. Nanunua ya kuku iliyochanganyika na maranda, viroba kumi, nairundika chini ya mwembe, naimwagia maji na kuifunika kwa makuti. Wiki ya kwanza ukizamisha mkono ndani unautoa mbio kwa joto lake. Naigeuza kwa koleo kila wiki. Mwishoni mwa Machi inakuwa imepoa, nyeusi, harufu ya banda imekwisha, ndipo naichanganya na udongo. Mwaka wangu wa kwanza niliitia mbichi, mchicha wote ukaungua. Na mchanga wetu haushibi: mbolea ya mwaka jana usiihesabu, mvua imeshaichukua.

Masika, yaani Machi mwishoni hadi Mei, nainua matuta mpaka usawa wa goti na kuchimba mitaro katikati. Napanda vinavyostahimili maji mengi: ngogwe, bamia, kunde za majani, marando ya matembele. Mchicha naupunguza, maana mbegu zake ni ndogo mno, mvua moja ya Aprili inazisomba zote hadi kona ya tuta. Nyanya ndiyo usiiguse. Majani yakishinda na kulala yamelowa, bakajani, huo ugonjwa wa mabaka meusi ulioukuta, haina kizuizi, utapiga dawa na mvua itaiosha jioni hiyo hiyo.

Nyanya natia kitaluni katikati ya Mei. Katikati ya Juni nahamisha, jioni, kila mche na konzi mbili za mbolea shimoni. Mwisho wa Agosti naanza kuchuma. Watu wengi wa Pwani wanadhani mboga ni mvua, wakati msimu wetu hasa ni kipupwe. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19, ua la nyanya linashika. Sasa hivi usiku ni 25, ndiyo maana maua yako yanapukutika. Hata umwagilie mara tatu kwa siku hayatashika. Mbegu natumia Tengeru 97, ngozi yake ngumu, inakaa siku nyingi jikoni.

Wakati huo matuta nayashusha. Natoa mchanga katikati na kuinua kingo, maji yabaki penye mizizi, halafu natandaza nyasi kavu. Figiri, chainizi, karoti, hoho, vyote vinakubali. Mchicha nasia kipande kidogo kila baada ya wiki mbili, nang'oa baada ya wiki tatu au nne, hivyo haukatiki nyumbani. Agosti nakata matawi yaliyochoka ya ngogwe ya masika na kuitilia mbolea, inachipua na kuzaa upya. Hiyo ndiyo mboga ninayoipenda kuliko zote, haijawahi kuniangusha.

Vuli siitegemei. Ile ya El Nino ya 2023 iliniondolea matuta manne na udongo wake, na kuna miaka inanyesha siku chache ikaondoka. Oktoba nasia kunde na mchicha, basi. Ile miche ya nyanya iliyobaki ing'oe uichome, usiitupe kwenye rundo la mbolea, kantangaze atakungoja hapo.

Makete_Juu
Shikamoo mama. Niongeze kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini, kama huku kwetu Makete: msiinakili kalenda hii. Huku mvua ni Novemba hadi Aprili, na hiyo Juni na Julai ya mama ndiyo inayotuulia miche. Asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa barafu. Kitalu tunakifunika kwa nyasi kavu kabla jua halijazama na kukifunua likishapanda. Nyanya na maharage tunasubiri baridi iishe. Kabichi ndiyo inavumilia.

Mgeni_Kibada
Asanteni sana. Mama, shikamoo. Maji ya kisima changu yana chumvi kidogo. Maharage niliyojaribu yalikauka kingo za majani. Ni hiyo chumvi?

MamaNgogwe
Marahaba. Inawezekana sana, maharage hayavumilii chumvi. Mchicha unavumilia zaidi. Mwagilia maji mengi kwa mara moja yazame, kuliko kunyunyiza kidogo kila saa, maana kidogo kidogo kunaacha chumvi juu. Na masika hii weka mfereji wa bati kwenye paa uingize maji kwenye tangi. Maji hayo yatunze kwa ajili ya kitalu cha Mei, miche michanga ndiyo inayoteseka zaidi.

Mgeni_Kibada
Nimeelewa. Kwa hiyo wiki hii nifanye nini kwanza?

MamaNgogwe
Kesho tafuta mbolea, uirundike. Halafu sia ngogwe kitaluni chini ya kivuli, mwisho wa Machi itakuwa ya kuhamisha. Ukitaka mpapai au mlimao, chimba shimo sasa, futi mbili kwa mbili, lijaze mbolea likae mpaka mvua. Marando ya matembele usinunue. Mvua ya kwanza ikinyesha niandikie inboksi, nitakukatia ndoo nzima uje uchukue asubuhi, ila siku hiyo hiyo uyapande.