Maua ya rangi chini ya mwembe, Tabora: nipande nini?

Ipuli_Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Mbele ya nyumba kuna mwembe mkubwa, kivuli kutwa, jua hupenya asubuhi tu mpaka kama saa 3. Udongo ni kichanga. Waridi na bogenvilia pale hurefuka tu, ua hakuna. Nataka mmea wa kuchanua, si majani matupu. Kiangazi maji ni ya kununua, msinipe cha kumwagilia mara tatu kwa siku.

Kitalu_Kanyenye
Waridi linataka jua la muda wa saa 6 kwa siku, lihamishe. Hapo weka impatiensi. Asili yake ni Afrika Mashariki, mahali penye kivuli na unyevu. Nyekundu, pinki, nyeupe, zote zipo. Mbegu za nini? Omba kipande kwa jirani: kata ncha ya sentimita 8 hadi 10 chini kidogo ya kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina), ondoa maua na majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Baada ya wiki 2 hivi mizizi ipo.

Kazi kubwa ni huo mwembe. Mizizi yake myembamba iko juujuu, inakunywa maji kabla ya ua. Usilime tuta ukaikata, wala usirundike udongo kwenye shina, litaoza. Tumia vyungu au ndoo mbovu zilizotobolewa chini: udongo sehemu 2, mboji 1, mchanga 1. Samadi iwe imeoza kabisa. Mbichi huunguza mizizi, na naitrojeni ikizidi utapata kichaka kisicho na ua, yaani kilekile ulichokikimbia.

Impatiensi ikinyong'onyea saa 8 mchana usikimbilie kopo. Ingiza kidole kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, jioni itajiinua yenyewe.

MamaVyungu_Kigoma
Kwa mwenye shida ya maji ningeanza na begonia. Acha sentimita 2 za juu zikauke ndipo umwagilie, asubuhi, kwenye udongo si kwenye majani. Maji mengi huiua upesi kuliko kiu. Shina likilainika chini limeshaoza: kata juu ya palipooza, chomeka upya kile kipande kizima. Unga mweupe kwenye majani ni ukungu, tenganisha vyungu hewa ipite.

Ipuli_Kwetu
Asante mama. Vipi nikitandaza nyasi kavu kuzuia maji yasipotee?

Kitalu_Kanyenye
Kwa Tabora hapo unaita mchwa. Tandaza kidogo tu, vidole 4 mbali na shina, funua kila wiki uangalie. Vyungu vikae juu ya matofali.

Mzee_wa_Miyombo
Mmesahau kile kitunguu cha porini chenye ua jekundu la duara, nyuzi tupu, kinachochomoza mvua zikianza. Hicho ndicho cha kupanda ardhini penyewe, kwenye nafasi kati ya mizizi mikubwa, shingo iwe usawa wa udongo. Kiangazi majani hufa, kitunguu kinalala. Ukikimwagilia wakati huo kinaoza. Kina sumu, watoto na mbuzi wasikiguse. Na mwembe ukishavunwa, ondoa matawi ya chini mpaka mita 2 kutoka ardhini, mwanga uingie kwa pembeni.

Ipuli_Kwetu
Shikamoo mzee. Nikichimbe mwezi gani?

Mzee_wa_Miyombo
Marahaba. Oktoba, kingali kimelala. Ila mahali pake uweke alama sasa hivi, majani yakishakauka hutapaona.