Lagastromia mbele ya nyumba: tuiache au tuing'oe?

MkaaziWaPlano:

Ndugu wapenzi wa bustani, salaam. Mimi na mume wangu tumehamia katika nyumba iliyoko Plano, jimbo la Texas, na mbele yake tumekuta miti mitatu ambayo majirani huiita crape myrtle na wataalamu wa mimea huiita Lagerstroemia indica. Mimi nitaiita lagastromia. Imebeba vishada vya maua ya waridi tangu mwezi wa Juni, na hata sasa mwezi wa Agosti, nyasi zikiwa zimeungua kwa joto, bado inachanua. Mume wangu anaiona ya kawaida mno, kwa kuwa kila mtaa wa hapa umejaa miti hiyo, na angependa tuing'oe tupande mti wa matunda. Aliyekuwa akiihudumia naye ametuambia kwamba tukiamua kuibakiza ni lazima ikatwe vichwa kila Februari, la sivyo haitatoa maua. Naomba wenye uzoefu mnieleze: je, uzuri wa mti huu unaishia kwenye maua, na je, kweli ni lazima ukatwe namna hiyo?

FundiMiche, Houston:

Dada, nakusihi msiing'oe kabla hamjaiona wakati wa baridi. Watu hununua lagastromia kitaluni kwa sababu ya maua, lakini kinachomfanya mtu aishi nayo kwa furaha miaka mingi ni shina. Mti ukishakomaa, gome lake la nje hubambuka kila mwaka katika vipande vyembamba vinavyojikunja na kuanguka vyenyewe, na chini yake hubaki ngozi laini yenye mabaka ya kijivu, ya rangi ya maziwa na ya hudhurungi. Mvua ikinyesha mabaka hayo hukolea, na ukipitisha kiganja juu yake hukuti mkwaruzo wowote. Ongeza majani ambayo kabla ya kupukutika hugeuka manjano, machungwa au mekundu, nawe utaona kwamba mti huu una la kuonyesha karibu mwaka mzima, jambo ambalo miti mingi ya maua haiwezi.

Ndiyo maana kukata vichwa kunanisikitisha sana. Ni kweli kwamba maua hutokea kwenye machipukizi ya mwaka huohuo, na bila shaka hapo ndipo imani hiyo ilipoanzia. Ila mti usioguswa nao hutoa machipukizi mapya kila mwaka, kwa hiyo huchanua bila kusukumwa na mtu. Ukiukata kwenye matawi manene, hutoa fito ndefu na dhaifu ambazo huinama mpaka chini vishada vikishiba maji ya mvua, huchelewa kuchanua, huota vinundu vibaya mahali palepale panapokatwa kila mwaka, na umbo lile la shina lililochukua miaka kujengeka halirudi. Kupogolea kunakofaa ni kwa mwishoni mwa baridi: ondoeni matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoelekea katikati, mng'oe na machipukizi yanayoota shinani, mbaki na mashina matatu hadi matano yaliyonyooka vizuri. Kama mti umezidi kimo cha mahali ulipo, basi aliyeupanda alichagua aina isiyofaa hapo, na msumeno hautarekebisha hilo.

MwanaWaLamu, Atlanta:

Naunga mkono kila neno la FundiMiche, na ningependa kumwambia shemeji jambo moja kuhusu huo ukawaida. Sisi tuliotoka pwani hatuupokei mti huu kama mgeni kabisa, kwa maana uko katika familia moja ya mimea na mhina, mkomamanga na hata mlilana, ule mkoko unaosimama mbele kabisa baharini. Chukueni ua moja mlitazame kwa karibu: petali zake, kwa kawaida sita, kila moja imesimama juu ya kikonyo chembamba, na ukingo wake umekunjamana kana kwamba ilitolewa ndani ya kifumba haraka kabla haijanyooshwa. Petali za komamanga zina mkunjo huohuo, na vijiua vya mhina pia. Katikati kuna stameni nyingi fupi za manjano, na pembeni zake chache ndefu zilizojipinda, na asubuhi nyuki huja kukusanya chavua hapo.

Asili yake ni Asia, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliupa jina la kitaalamu mwaka 1759 kwa heshima ya rafiki yake Magnus von Lagerström, mfanyabiashara wa Sweden. Kuenea kwake kusini mwa Marekani kunatokana na uvumilivu wake wa joto na ukame. Aina nyingi za kisasa, kama Natchez yenye maua meupe na gome zuri kupita zote kwa maoni yangu, zilitolewa na bustani ya taifa ya miti mjini Washington kupitia kazi ya Donald Egolf, ambaye alichanganya lagastromia ya kawaida na ile ya Japani, Lagerstroemia fauriei, ili kupata miti inayostahimili ubwiri unga, yaani ugonjwa wa ukungu mweupe unaofunika majani kama unga. Natchez hufikia mita 9 na zaidi, hivyo si ya kupandwa chini ya dirisha. McKinney, jirani na kwenu, kuna bustani ya umma yenye aina nyingi sana. Mpeleke shemeji akaione Julai.

Kuhusu matunda, pandeni mkomamanga upande wenye jua la kutosha. Aina iitwayo Salavatski inajulikana kwa kuvumilia baridi ya huko kwenu.

MkaaziWaPlano:

Ahsanteni sana. Mume wangu amesoma yote na amelipenda wazo la komamanga. Nina swali la nyongeza: mti mmoja kati ya hiyo mitatu una shina jeusi lenye kunata, na kwenye makutano ya matawi kuna vidoa vyeupe. Je, hilo nalo ni gome linalobambuka?

Mpogoleaji, Fort Worth:

Hapana, dada, hao ni wadudu gamba wa lagastromia, wadudu wadogo wanaoganda kwenye gome na kufyonza utomvu, ambao hapa Marekani walionekana kwanza Richardson, jirani zenu wa kusini, mwaka 2004. Kiponde kidoa kimoja kwa ukucha. Kikitoa majimaji ya waridi, hakuna shaka. Weusi huo ni ukungu wa masizi unaoota juu ya utomvu mtamu wanaoudondosha. Mti hautakufa, lakini maua hupungua. Sugueni shina na matawi mnayoyafikia kwa brashi laini na maji ya sabuni ya vyombo, kisha suuzeni kwa maji mengi. Rudieni wakati wa baridi majani yakiwa hayapo, kwa sababu hapo wadudu huonekana vizuri zaidi. Dawa za kumwagwa mizizini ambazo husambaa mti mzima zinafanya kazi, ila huingia pia kwenye chavua, na mimi nisingezitumia kwenye mti ambao nyuki wanautegemea kiangazi chote. Mkiona mbawakavu wadogo weusi wenye madoa mawili mekundu wakitembea kwenye shina, waacheni, kwa kuwa wao na watoto wao hula wadudu gamba.