Mashine ya kusaga matairi chakavu: shafti mbili au shafti moja?

Kijana wa Dandora
Shikamooni wakubwa. Tumejiunga vijana wanne, tumeshakusanya matairi kama mia tatu, mengi ya matatu na machache ya lori. Tumepewa bei za mashine mbili: ya shafti mbili zinazozunguka polepole, na ya shafti moja yenye chujio chini. Ya shafti moja ni nafuu. Tuchukue ipi?

Fundi wa Lunga Lunga
Shafti mbili. Visu vyake vinapishana vikikata tairi kama mkasi, mwendo wa kobe lakini nguvu za kutosha. Shafti moja inafaa plastiki. Ukiilisha tairi zima lenye waya, visu vinaisha makali upesi.

Ila kabla ya zote mbili, nunueni ya kuvuta waya wa ukingo. Pale tairi la lori linapokalia rimu kuna shada la waya mgumu, nene kama kidole. Mimi nililipuuza. Siku ya tatu nikasikia mlio mkali, nikazima, nikafungua: visu viwili vimevunjika meno. Vipuri vilikuja kwa meli, nikakaa wiki saba mikono mitupu huku matairi yakirundikana getini. Siku hizi ndoano inashika ule waya na kuuchomoa wote, kama mshipa kwenye nyama.

Mama Chuma, Kariobangi
Na waya huo ni pesa. Ukiwa safi tunaununua. Ukija na mpira umegandia, bei inashuka.

Mzee wa Akala
Wanangu, matairi ya uzi, yasiyo na waya ila ule wa ukingo, msiyasage. Tuleteeni sisi washona akala, vile viatu vya matairi, tunayatafuta sana.

Dada wa Embakasi
Mtamuuzia nani? Hilo ndilo litakalochagua mashine. Shafti mbili peke yake hutoa vipande vya milimita 50 hadi 150, vya kuchomwa kwenye tanuru za saruji. Mtengeneza vigae vya mpira vya viwanja vya watoto anataka punje za milimita 1 hadi 4, bila waya wala nyuzi. Hapo mnahitaji kinu cha pili, sumaku, na feni ya kunyonya nyuzi. Ulizeni pia stima ya fezi tatu na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, mapema. Na msirundike matairi yote pamoja, tafadhali. Yakishika moto, kuyazima ni kazi ya siku nyingi.

Kijana wa Dandora
Asanteni sana. Mnunuzi tuliye naye ni wa vipande vikubwa, basi ni shafti mbili na ya kuvuta waya. Fundi, tutajuaje kama hiyo tuliyopewa bei ni imara?

Fundi wa Lunga Lunga
Mpelekeeni muuzaji tairi lenu la lori, mlilotoa waya wa ukingo. Alisage mkiwa mmesimama hapo, halafu mguse giaboksi kama imechemka. Kabla ya hapo msitoe hata shilingi.