Shirika linataka jina la mke liingie kwenye daftari la AMCOS (chama chetu cha ushirika cha wakulima). Tukubali au tukatae?

Mtoto wa Kitangari
Wadau salaam. Juzi kwenye kata yetu huku Newala wamekuja watu wa shirika moja la hisani, gari mbili nyeupe. Wana mpango wa miaka mitatu wa kupambana na umaskini na kuendeleza haki za wanawake. Kuna vikundi vya hisa, kuna mashine ndogo za kubangua korosho ili akina mama wasiuze ghafi. La tatu ndilo limezua kelele: daftari la AMCOS libadilishwe, kila shamba la korosho liandikwe mume na mke, na hela ya mnada iingie akaunti ya watu wawili. Wamesema wazi, bila la tatu mashine haziji. Jumamosi wanachama wanakutana kunyoosha mikono. Mnaonaje?

Njugu Mawe
Gari mbili nyeupe. Hapo umeshamaliza, usiendelee. Mafuta ya hizo gari peke yake yangetununulia salfa ya kupulizia mikorosho.

Kobelo
Swali la msingi: siku ya mkutano kuna soda?

Mama Zulfa
Mimi niko Tandahimba na nasema NDIYO. Kupalilia mimi, kuokota mimi, kuanika mimi, kuchambua daraja la kwanza na la pili mimi. Yeye anapulizia dawa siku mbili tatu, anarudi na salfa kwenye kope utadhani katoka vita vya Kagera. Hela ikiingia, simu inalia mfukoni kwake. Novemba yote hatumwoni, tunasikia kapanga chumba Magomeni pale Mtwara na mtoto wa watu. Januari huyo anarudi, kakonda, kabeba redio.

Kobelo
Redio ilikuwa zamani mama. Siku hizi wanarudi na marejesho ya bodaboda.

Njugu Mawe
Mama Zulfa, si wanaume wote. Mimi hela yangu ya mnada wa kwanza naweka mezani.

Mama Zulfa
Na ya mnada wa pili?

Mgeni wa Ligula
Mimi si mwenyeji, nimefanya kazi Mtwara miaka sita, naomba niseme bila kuumiza mtu. Mpango ni mzuri ila hautafanya kitu. Shida ya akina mama wa huku si haki, ni ngoma. Juni unyago, Desemba unyago, hela yote inaishia kwenye kanga na pilau. Mama anakopa ili mwali atoke vizuri. Kule kwetu Moshi mama saa kumi alfajiri yuko na jani la ng'ombe kichwani. Shirika lingeanza kwa kufuta unyago, umaskini ungepungua wenyewe.

Kobelo
Uwiii. Ngoja nivute kigoda.

Mjukuu wa Kungwi
"Bila kuumiza mtu." Miaka sita unakula ming'oko yetu, unanunua korosho zetu stendi kwa bei ya kutupa unapeleka zawadi Moshi, leo unatuambia tunacheza ngoma? Wewe kwenu Krismasi nauli inapanda mnapanda hivyo hivyo, mnachinja, mnarudi Januari mnaomba mkopo wa ada. Hiyo siyo ngoma? Au ngoma ni mpaka ipigwe na mtu mweusi zaidi yako?

Mgeni wa Ligula
Dada usinilishe maneno, rangi sijaitaja. Nimesema hela. Halafu tuongee na mimba za wanafunzi. Mtoto wa miaka kumi na moja anafundishwa mambo ya wakubwa, mnategemea nini?

Mjukuu wa Kungwi
Bibi yangu kacheza wali unyagoni miaka mingi kuliko umri wako. Anafundisha usafi, heshima, hedhi (ambayo mwalimu wa sayansi anaruka ukurasa kwa aibu), na namna ya kuishi na watu. Kama wapo wanaoingiza watoto wadogo mno, tuwaseme, hata bibi anawasema. Ila niulize: sheria ya ndoa ya 1971 iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, iliandikwa na kungwi yupi? Rebeca Gyumi, yule mwanaharakati, alipokwenda mahakamani kuipinga alimshtaki kungwi?

Wakili wa Kijiweni
Hapo sahihi. Mahakama Kuu 2016 ilisema vifungu vile vinapingana na Katiba, Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani 2019 ikamwacha Gyumi na ushindi wake.

Bwana Shamba Mstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Naomba turudi kwenye daftari, maana kuna jambo naona halijaguswa. Hawa wa shirika wameandika mpango wao wakifikiria mwanamke wa sehemu ambazo ardhi ni ya ukoo wa baba. Huyo kweli hana kitu, ukiongeza jina lake umemsaidia. Sisi Wamakonde, na jirani zetu Wamwera, Wamakua na Wayao, asili yetu ni ukoo wa mama. Mashamba mengi ambayo mume analima ni ya upande wa mke, yeye kaja kuoa tu. Ukiandika "mume na mke" kwenye shamba la aina hiyo, hujampa mwanamke nusu. Umempa mume nusu ya shamba la bibi yake mke. Wakiachana, na huku kuachana mnakujua, anaondoka na karatasi. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kunyoosha mikono, kila shamba liulizwe limetoka wapi.

Mgeni wa Ligula
Mjukuu wa Kungwi, hujajibu kuhusu hela ya kanga.

Mjukuu wa Kungwi
Kanga inavaliwa miaka mitano. Suti yako ya sendoff umeivaa mara ngapi?

Njugu Mawe
😂😂 Mgeni, rudi Ligula upumzike.

Nahodha wa Msanga Mkuu
Hawa watu wa bara ndivyo walivyo. Wakija wanatuona wavivu. Gesi ilipopatikana Mnazi Bay ghafla tukawa ndugu. Bomba likaenda Dar, sisi tukauliza swali moja tu 2012 tukapigwa mabomu ya machozi.

Njugu Mawe
Ni 2013 hiyo.

Nahodha wa Msanga Mkuu
2012, nilikuwepo, nilitembea mpaka malengelenge.

Wakili wa Kijiweni
Wote mko sawa. Maandamano makubwa Desemba 2012. Fujo Januari na tena Mei 2013, siku ya bajeti ya nishati.

Nahodha wa Msanga Mkuu
Ahsante. Na kabla ya hapo? Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003. Kabla yake ilikuwa kivuko, Rufiji ikifurika mnalala kwenye basi, biskuti inauzwa bei ya kuku. Leo mtu anapita kwa gari yenye kiyoyozi anatuuliza kwa nini maskini.

Mgeni wa Ligula
Mimi siyo Serikali jamani. Mimi ni fundi wa friji.

Kobelo
Fundi, nina friji haigandishi. Njoo inboksi.

Mpenda Hesabu
Nimechelewa. Kwa nini tusubiri shirika wakati halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani? Wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Kikundi kinakopa bila riba.

Mama Zulfa
Mpenda Hesabu, hesabu yako ni ya kwenye karatasi. Ile mikopo ilisimamishwa 2023 na imerudi 2024. Katikati hapo tulikula nini? Mimi nilikwenda kwa hawa wa kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Laki tatu, marejesho kila siku. Wiki ya pili nimekosa siku mbili, wakabeba godoro langu na sufuria ile kubwa. Mume yuko Magomeni na mtoto wa watu. Ndiyo maana nawaambia jina langu liwe kwenye daftari, ninyi mnaongea kanga.

Njugu Mawe
Pole sana Mama Zulfa. Kweli hiyo inauma. Lakini sheria si ipo? Nusu ya baraza la ardhi la kijiji lazima wawe wanawake, ungepeleka huko.

Wakili wa Kijiweni
Si nusu. Wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Na godoro si ardhi.

Njugu Mawe
Haya wakili. Na ile kesi ya Bi Hawa, iliyosema kupika ni kazi, mama akapewa nyumba?

Wakili wa Kijiweni
Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Nyumba hakupewa. Ilionekana mume alishampa hela ya kujipatia nyumba akaitumia vingine. Kwa hiyo wake za watu nchi nzima wamefaidika na kesi yake, mwenyewe alitoka mikono mitupu.

Kobelo
Alikuwa Mmakonde? Kama alipeleka kwenye ngoma Mgeni atafurahi.

Mjukuu wa Kungwi
Kobelo nakuheshimu kaka, usinitafute.

Bwana Shamba Mstaafu
Hakuna aliyenijibu.

Mtoto wa Kitangari
Mzee shikamoo, nimekusoma. Ila mzee, ukoo wa mama siku hizi umebaki kwenye majina. Nitasema la nyumbani. Shamba letu ni la bibi mzaa mama, kila mtu anajua. Kwenye daftari ameandikwa mjomba, kwa sababu ndiye aliyekuwa anakwenda mikutanoni. 2018 Serikali iliponunua korosho zote kwa 3,300 kilo, mnakumbuka jeshi lilikuja na uhakiki ukawa mkali kwa sababu ya kangomba (wale wanaonunua korosho mtaani nje ya mnada), kila mtu aonyeshe shamba lake. Mama alikuwa na magunia tisa aliyookota mwenyewe. Daftari halimjui. Magunia yakapita kwa jina la mjomba, hela ikapita kwa mjomba, na mjomba naye ana nyumba mbili. Mama alipewa doti mbili za kanga akaambiwa ashukuru.

Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba mwanangu. Sasa umesema kitu. Zamani kwenye mihogo na mtama ugomvi ulikuwa mdogo, unavuna, unakula, shamba linapumzika. Mkorosho unakaa miaka arobaini na zaidi, aliyeupanda anasema wangu na wa wanangu, wajomba wanasema ardhi yetu. Basi fomu yenu iandike nani? Mama yako kwa mfano wako angesaidiwa na "mume na mke"?

Mtoto wa Kitangari
Hapana. Baba alishaondoka tangu 2009. Angeandikwa pamoja na nani?

Mama Zulfa
Wajane na walioachika ndio wengi huku, hiyo fomu haiwajui. Sasa ninyi mnanichanganya, nilikuwa nimeshasema ndiyo.

Mpenda Hesabu
Na hizo mashine zitabangua nini? Ghafi yote lazima ipite ghalani iende mnadani. Akina mama wakinunua kilo hamsini mtaani wabangue, wataitwa kangomba. Wakisubiri mnada, watashindana bei na mtu mwenye meli. Hilo shirika limeulizwa?

Njugu Mawe
Yale yale ya viwanda vya Mwalimu. Vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, leo vingine ni maghala, popo wanabangua.

Mama Zulfa
Kubangua nakujua. Nimebangua kwa nyundo na majivu vidoleni, mafuta ya ganda yakikupata ngozi inatoka kama ya nyanya. Mashine naitaka hata ikikaa bila kazi, niiangalie tu.

Mgeni wa Ligula
Nimesoma yote. Mzee Bwana Shamba, hilo la ukoo wa mama sikulijua, miaka sita sijawahi kuambiwa. Lakini bado naona unyago mara mbili kwa mwaka ni gharama.

Mjukuu wa Kungwi
Wewe mtu! Kwanza si mara mbili kwa mwali mmoja. Mwali anachezwa mara moja tu. Inawekwa Juni na Desemba kwa sababu shule zimefungwa, Serikali yenyewe ndiyo iliyotaka hivyo. Miaka sita!

Nahodha wa Msanga Mkuu
Mimi bado niko kwenye gesi.

Kobelo
Tunajua nahodha.

Mtoto wa Kitangari
Wadau, nimempelekea mtendaji hoja ya mzee Bwana Shamba. Amepiga simu kwa wale wa shirika. Wamesema fomu imechapishwa tayari Dar na mfadhili ameipitisha, ila wanaweza kuongeza mstari chini, "chanzo cha shamba".

Wakili wa Kijiweni
Mstari wa chini hauna nguvu kama jina la juu. Waambie jina la juu liwe la mwenye asili ya shamba, hao wengine wafuate.

Mama Zulfa
Na mwenye asili akifa? Anarudi mjomba?

Bwana Shamba Mstaafu
Ndilo la kuuliza Jumamosi, mama. Ulizeni kabla ya soda, baada ya soda watu huondoka.

Kobelo
Kumbe soda ipo.

Mtoto wa Kitangari
Taarifa: mkutano umesogezwa mpaka Jumamosi ijayo, tuna msiba.

Njugu Mawe
Poleni. Na gari nyeupe?

Mtoto wa Kitangari
Zimeshuka Masasi asubuhi.