Naombeni ushauri: binti yangu (16) anataka kwenda Otakon kavaa kama Nezuko, na kaka yangu nyumbani kaja juu

Baba Neema

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie mawazo, hasa wazazi wenzangu mlioko huku Marekani.

Tunaishi Maryland, pande za Hyattsville. Binti yetu wa kwanza ana miaka 16. Ni mtoto mtulivu, shuleni yuko vizuri, kanisani anaimba kwaya. Miaka kadhaa sasa amezama kwenye anime na manga, yaani katuni na vitabu vya picha vya Kijapani. Nilidhani ni mambo ya utoto yatapita. Hayajapita.

Sasa kiangazi hiki yeye na wenzake watatu wanataka kwenda Otakon, lile tamasha la siku tatu pale Washington, wakiwa wamevalia kama wahusika wa Demon Slayer. Kwa asiyeijua, ni hadithi ya kijana Tanjiro ambaye familia yake imeuawa na pepo mla watu, amebaki yeye na mdogo wake Nezuko, naye Nezuko kageuzwa pepo. Kaka mtu anambeba mgongoni ndani ya sanduku la mbao, anazunguka kutafuta dawa ya kumrudishia ubinadamu wake. Neema ndiye atakuwa Nezuko.

Mama yake akamtumia kaka yangu mkubwa, yuko Moshi, picha ya nguo. Kaka akauliza huyo ni nani, mtoto akamweleza kama ilivyo. Usiku huohuo simu ikaingia. Kaka anasema tumempeleka mtoto Ulaya na Marekani asome, tunamlea avae mapepo. Ni mtu aliyenisomesha mimi, siwezi kumjibu ovyo.

La pili limeniuma zaidi. Neema aliweka mtandaoni picha ya nguo ikiwa bado haijakamilika, watu wasiomjua wakamwandikia kwamba Nezuko si mweusi, atafute mhusika mwingine. Hakusema kitu, ila cherehani ilinyamaza kwa muda pale nyumbani.

Niseme na hili. Hiyo nguo hakuinunua. Kachukua kitambaa cha rangi ya waridi kisicho na ua hata moja, kakata kadibodi ya kupimia, anachora zile nyota za pembe sita mstari kwa mstari na rula, kwenye meza ya kulia chakula. Mistari ikipishana hata kidogo anafuta anaanza upya. Mama yake akirudi kutoka zamu ya usiku anakuta kitambaa kimetandazwa na kubanwa na vikombe pembeni kisikunjike. Mgongo mzima umeshajaa, bado mikono.

Nimruhusu? Usalama ukoje kwenye umati ule? Gharama je? Na kaka nimwambie nini?

Kisiki cha Mpingo

Mkuu, mimi ningekataa. Simlaumu mtoto, anaonekana ana adabu. Lakini mzee wako ana hoja. Tunacholisha macho kila siku kinaingia moyoni, na mtoto wa miaka 16 bado anajengwa. Michoro mingapi ipo duniani? Achore malaika, achore wanyama wa Serengeti. Kaa naye uzungumze kwa upole, ila simama kama baba.

Mama Shani wa Dallas

Baba Neema, pole na hongera kwa wakati mmoja. Mwanangu wa kiume nimempitisha njia hiyohiyo. Huku kwetu ndiko ilikoanza A-Kon mwaka 1990, miongoni mwa matamasha ya zamani kabisa ya anime nchini. Nikueleze tu ya mzazi aliyesimama mle ndani na viatu vikambana.

Nenda naye. Hilo ndilo la kwanza. Nunua beji yako ya kuingilia na wewe, usikae nje kwenye gari. Beji ya siku tatu inafika dola mia na ushee, ukilipa mapema unapona kidogo. Wazazi ni wengi kuliko unavyodhani, utawaona wamekaa ukutani wameshika mabegi na wigi za akiba.

Ndani kuna ukumbi wa wauzaji, kuna eneo la wachoraji wanaouza kazi za mikono yao, kuna vikao vya mazungumzo, kuna vyumba vya kuangalia filamu. Vile vikao vya watu wazima huwekwa usiku, na mlangoni wanadai kitambulisho cha miaka 18. Kwa hiyo weka saa ya kuondoka kabla giza halijakolea, hapo utakuwa umemaliza nusu ya wasiwasi wako.

Suala la kuguswa na kupigwa picha: matamasha makubwa yanabandika mabango kwamba vazi si ruhusa ya kumgusa mtu. Mpiga picha anatakiwa aombe kwanza. Mfundishe binti kusema "hapana, asante" bila kutabasamu, na amwonyeshe mfanyakazi wa tamasha yeyote anayemsumbua. Kubalianeni mahali pamoja pa kukutana endapo simu zitaisha chaji, maana zitaisha.

Na kuna kanuni wanayoipitisha wenyewe kwa wenyewe, ya tano-mbili-moja: kwa siku angalau saa tano za kulala, milo miwili na kuoga mara moja. Mimi naongeza maji. Wigi, vitambaa viwili juu ya kingine, joto la Washington kiangazi… watoto wanaanguka kwa kusahau kunywa maji tu. Pika chakula nyumbani, ukumbini bei hazishikiki.

Jirani wa Potomac

Baba Neema, mimi niko Silver Spring, Otakon nimehudhuria mara nyingi. Kwako ni rahisi sana: unapanda Green Line hapo Hyattsville, unashuka Mt Vernon Square, hubadilishi treni. Kituo kiko chini ya ukumbi wenyewe, Walter E. Washington Convention Center. Wikiendi ile behewa zima utakuta limejaa mapanga ya sponji na nywele za bluu, na hakuna anayeshangaa.

Kaka yako pengine anadhani ni kikundi cha siri. Mweleze historia. Wamarekani wameanza kuangalia katuni za Kijapani kwenye televisheni tangu 1963, Astro Boy ilipoonyeshwa. Mwaka 1977 mashabiki wa Los Angeles wakaunda klabu, Cartoon/Fantasy Organization, wakawa wanakutana kuangalia kanda kutoka Japani ambazo hata hazikuwa na tafsiri. Walibadilishana kanda za video kwa posta jimbo hadi jimbo. Vyuoni vikazaliwa vikundi vya wanafunzi, na kutoka hapo yakatokea matamasha. Otakon yenyewe ilianza 1994 State College, Pennsylvania, watu mia chache tu. Ikahamia Baltimore 1999, ikaja Washington 2017. Miaka ya karibuni inapokea watu zaidi ya 40,000, na waendeshaji wake ni watu wa kujitolea chini ya shirika lisilo la faida. Los Angeles kuna Anime Expo, iliyoanza 1992, hiyo inavuka watu 100,000.

Katikati hapo ndipo televisheni ilipoileta sebuleni kwa kila mtu: Sailor Moon 1995, kipindi cha Toonami 1997, Pokémon 1998. Watoto walioangalia wakati ule ndio leo wauguzi, walimu na wahandisi, na wanakwenda na watoto wao. Hiyo Demon Slayer anayoipenda Neema, filamu yake ya Septemba 2025 iliingiza zaidi ya dola milioni 70 wikiendi ya kwanza Marekani na Kanada. Ni kitu cha hadharani kabisa.

Dada Mwanaisha ATL

Mimi nataka kuzungumzia wale waliomwambia Nezuko si mweusi, maana nimesoma hapo nikasimama.

Mwambie Neema hajaanza yeye. Chaka Cumberbatch, Mmarekani mweusi, alivaa kama Sailor Venus, mhusika mwenye nywele za dhahabu. Alitukanwa mtandaoni kwa rangi yake mpaka akaandika makala kueleza yaliyompata. Hakuishia kuandika. Mwaka 2015 akaanzisha #28DaysOfBlackCosplay, kila Februari watu weusi wanaweka picha za mavazi yao, siku baada ya siku. Mwonyeshe. Akae aangalie zote, ataona wakina Nezuko weusi kibao, wengine wameacha nywele zao za asili na kuzipaka rangi ya chungwa kwenye ncha tu, wanapendeza ajabu.

Halafu hapohapo jirani yenu, upande wa Virginia, kuna Blerdcon, ilianza 2017 kwa ajili ya weusi wanaopenda anime, michezo ya kompyuta na vitabu vya picha. Kama Otakon itamtisha, aanzie kule.

Msichana anayechora nyota moja moja kwa rula asikubali mtu asiye na jina amzimie cherehani. Naomba sana umwambie hivyo, na umwambie dada wa Atlanta ndiye kasema.

Baba Neema

Dada Mwanaisha, nimemsomea. Ameomba simu akasome mwenyewe. Asante sana.

Mama Shani, Jirani, nimenakili kila kitu. Kisiki, nakusikia pia, ndiyo maana nimeleta hapa.

Mjukuu_Minneapolis

Shikamoo baba. Mimi nina miaka 22, nimezaliwa huku, wazazi wangu ni wa Mombasa. Kiswahili changu mnivumilie.

Naomba nimsemee Neema kidogo. Kwenye hadithi ile mapepo hayasifiwi. Ni maadui wanaokula watu. Nezuko ni wa tofauti kwa sababu anakataa kula watu, anapata nguvu kwa kulala, na anawalinda binadamu hata anapoumizwa. Ule mwanzi anaofungwa mdomoni ni wa kumzuia asiume mtu. Na kaka yake anapoua pepo, anamwombea. Hadithi nzima ni ya ndugu wawili wasioachana. Mimi na mdogo wangu tuliiangalia wakati wazazi wetu wanafanya kazi mbili mbili, ndiyo maana naikumbuka hivi.

Ile nguo pia ina maana yake. Mchoro wa nyota anaouchora unaitwa asanoha, ni jani la katani ya Kijapani (hemp, siyo mkonge). Japani tangu zamani wanauweka kwenye nguo za watoto, kwa sababu katani inakua haraka na kunyooka, kwa hiyo ni dua ya mtoto akue na afya. Mwambieni baba mkubwa hilo.

Ila nakubaliana na Kisiki jambo moja: siyo anime zote ni za watoto. Filamu za Demon Slayer zenyewe zimepewa daraja la R Marekani, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima, kwa sababu ya damu. Angalieni nyuma ya kitabu. Viz, wachapishaji wakubwa wa manga huku, wanaweka alama: A ni ya wote, T ni kuanzia miaka 13, T+ kuanzia 16, M ni 18. Mama yangu alikuwa hajui chochote kuhusu anime lakini herufi hizo alizijua, na hakuna kitabu kilichopita bila yeye kukigeuza.

Kisiki cha Mpingo

Kijana umeeleza vizuri, Mungu akubariki. Sijui kama mimi ningemruhusu wangu, sitasema uongo. Lakini hiyo ya dua ya mtoto na ya ndugu wasioachana ningetaka mzee wa Moshi aisikie kutoka kwa Neema mwenyewe, kwa sauti yake. Asipewe na baba. Mzee aliyekusomesha anaogopa kumpoteza mtoto, akimsikia anaongea naye kwa heshima atatulia kuliko sisi tukimtumia hoja.

Mama Shani wa Dallas

Kisiki umenena.

Fundi wa Lowell

Swali la pembeni, ana mpango wa kuendelea na mambo haya kimasomo? Nauliza kwa sababu mpwa wangu alianza hivihivi, leo anafundisha Kiingereza Japani kupitia JET, mpango wa serikali ya Japani ulioanza 1987. Unahitaji shahada na uraia wa nchi iliyo kwenye mpango, shahada yoyote. Mtihani wa lugha ya Kijapani, JLPT, unafanyika Marekani kila Desemba, ngazi tano, N5 ndiyo ya mwanzo. Kwa miaka 16 N5 anaiweza. Ukimwekea lengo hilo, mapenzi yake yanapata mgongo.

Baba Neema

Wakuu, nirudi na mrejesho.

Neema alimpigia baba yake mkubwa Jumapili baada ya ibada. Waliongea muda mrefu, mimi nilitoka nje. Kaka hajasema "sawa", lakini aliuliza sanduku la Tanjiro linatengenezwaje, maana yeye ni fundi seremala, na akasema tusitumie gundi peke yake kwenye kona. Kwangu mimi hapo pametosha.

Tumekubaliana hivi na mke wangu: atakwenda siku mbili. Jumamosi naenda nao mimi, Jumapili mama yake akiwa hana zamu. Saa mbili usiku kila mtu yuko kwenye treni. Mikono ya kimono imeshaanza kuchorwa. Fundi wa Lowell, hiyo N5 ameiandika kwenye karatasi kaibandika ukutani.

Swali langu la mwisho ni la hilo sanduku. Mwenzake anayekuwa Tanjiro anataka la mbao za kweli, na upanga. Mlangoni watapita?

Jirani wa Potomac

Upanga wa chuma usithubutu, hata usio na makali. Wafanye wa sponji ngumu ya EVA au mbao nyepesi, na usiku wa kuamkia safari usomeni ukurasa wa sheria za silaha wa Otakon mstari kwa mstari, maana vyote vinakaguliwa. Sanduku la mbao za kweli litamvunja mgongo kabla ya saa sita mchana. Mwambie mzee wa Moshi awaelekeze fremu nyembamba tu, kisha wazibe pande kwa foamu na kuipaka rangi ya mbao. Mikanda wachukue ya begi la shule lililochakaa. Na wapime upana kabla hawajapaka rangi, lisizidi mabega yake, milango ya treni inafunga haraka.

Mama Shani wa Dallas

Na mlango wa sanduku uwe unafunguka. Ndani wekeni chupa za maji.