Shule tatu za serikali, mtoto mmoja wa darasa la kwanza: mnapimaje ubora?

MamaNuru_Chamazi
Habarini za jioni wanajamvi. Mwanangu anamaliza awali mwaka huu, Januari anaingia darasa la kwanza. Shule binafsi siiwezi. Na mimi mwenyewe nimesoma shule ya serikali, ikanifikisha, kwa hiyo sina kinyongo nazo. Shida yangu ni kuchagua. Tupo Chamazi, na shule ninazoweza kumfikisha ni tatu.

Moja ipo dakika saba kutoka mlangoni kwangu. Watoto ni wengi mno, wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana. Nimeangalia matokeo ya darasa la saba kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wastani wa shule ni 142 kati ya 300.

Nyingine ipo ng'ambo ya barabara kubwa, kwa mguu wa mtoto ni kama dakika ishirini na tano. Ndogo, majengo mapya, rangi bado inanukia. Wastani 171.

Ya tatu ni ya serikali lakini inafundisha kwa Kiingereza, tunalipia. Ada yake ni nafuu ukilinganisha na binafsi, ila ni daladala mbili. Mtaa mzima unaisifu. Wastani 228.

Kwa namba tupu ningeshachagua ya tatu. Ila nikimwangalia mtoto wa jirani anayesoma hiyo ya karibu, yupo la pili na anasoma gazeti la baba yake bila kusitasita, roho inagoma. Nyie mliosomesha mliangalia nini?

Kibaha_Msufini
Dada, mtihani ndio kipimo pekee ambacho kila mtoto nchi nzima anapimwa sawa. Maneno ya mtaani yana ushabiki. 228 na 142 ni mbingu na ardhi. Jibane, mpeleke ya tatu.

Ticha_Mstaafu
Mama Nuru, nimeshika chaki miaka 31, zaidi ya nusu yake nikiwa darasa la kwanza na la pili. Namheshimu aliyetangulia, lakini naomba nikuonyeshe namna ya kuisoma hiyo namba kabla hujaifuata.

Huo wastani kati ya 300 unatokana na masomo sita, kila somo alama 50. Unakwambia watoto waliokalia mtihani walifanyaje. Haukwambii walianza wangapi. Sasa rudi kwenye tovuti hiyohiyo. Chukua matokeo ya darasa la saba ya mwaka mmoja, hesabu watahiniwa. Halafu fungua upimaji wa darasa la nne wa miaka mitatu nyuma yake, hesabu watoto wa shule ileile. Kama la nne walikuwa 120 na la saba wamefika 70, jiulize hamsini wamekwenda wapi. Wapo waliohama, wapo waliorudia darasa, wapo walioacha. Shule iliyoanza na 200 ikamaliza na 190 kwa wastani wa 142 imefanya kazi ambayo namba haiionyeshi.

La pili, shule nyingi za kulipia huwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea. Mtoto anaingia anajua herufi na nyumbani ana vitabu. Alama zake za darasa la saba ni za mwalimu na za mzazi pia. Tangu Januari 2023 NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora, hoja ikiwa shule hazishindani katika mazingira yanayofanana. Wao wenye mtihani wamesema hivyo.

La tatu, wastani wa darasa la saba unakusimulia walimu wa miaka saba iliyopita. Wewe mwanao anaingia la kwanza. Mtu unayemtafuta ni mwalimu wa la kwanza na la pili. Mtoto akitoka la pili hajui kusoma, la tatu atakuwa ananakili ubaoni tu, na kila mwaka anazidi kuachwa.

Kwa hiyo nenda. Jitambulishe kwa mwalimu mkuu, mwombe uingie la pili saa nne asubuhi. Omba madaftari matatu: la mtoto anayekaa mbele, wa katikati, na wa nyuma kabisa dirishani. Usiangalie alama za vema. Angalia tarehe ya mwisho kusahihishwa. Angalia palipo na kosa: je, mtoto alirudia kuandika kwa usahihi, na mwalimu akarudi kuangalia? Kisha mwite mtoto mmoja, mfunikie picha kwa kiganja, mwambie asome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Aliyekariri atakwama hapohapo. Anayesoma atasoma.

ZaoLaKayumba
Shikamoo mwalimu. Hilo la kusoma kinyumenyume nimelijaribu sasa hivi kwa binti yangu wa la pili. Nimeumia. Anasoma ukurasa mzima vizuri, nikianzia mwisho hajui hata "kuku".

Ticha_Mstaafu
Marahaba. Usimgombeze. Dakika kumi kila jioni, silabi kwa silabi, neno moja moja, na kesho umwone mwalimu wake. Akiwa la pili bado anawahi.

Binti_Upanga
Mimi nina wawili kwenye shule ya serikali ya mchepuo wa Kiingereza, na si vema kuzisema kana kwamba zinaiba alama. Hapa Dar zipo za miaka mingi kama Olympio na Diamond, na zimelea watu. Nilichokipata ni darasa lenye watoto wanaohesabika, mwalimu anayemjua mwanangu kwa jina, na mtoto asiyeshtuka akifika kidato cha kwanza ambako kila kitu kinageuka Kiingereza. Hilo la kidato cha kwanza si dogo. Nimeona watoto wenye akili zao wakinyamaza mwaka mzima.

Ila daladala mbili kwa mtoto wa miaka sita, hapo sitakudanganya. Mimi naishi jirani na shule.

Ticha_Mstaafu
Binti Upanga, la kidato cha kwanza nakubali, linaumiza. Ila mtoto hujifunza kusoma mara moja tu. Akishajua kwa lugha ya nyumbani kwao, hata hicho Kiingereza atakisoma. Ukimpa herufi ngeni na lugha ngeni siku moja, na nyumbani hakuna wa kumsaidia, wengi hubaki wanaimba tu. Nyumbani kwenu mlikuwepo mnaoweza kumsaidia. Mama Nuru ajiulize kwake yupo nani.

Dereva_Mbagala
Mimi nipo barabarani kila siku. Mwanafunzi analipa 200, na saa kumi na mbili asubuhi makonda wengi hawamtaki. Wanawaacha kituoni, wakubwa wanagombania mlango, wadogo wanabaki. Na hiyo barabara kubwa ya shule ya pili, mtoto wa la kwanza asivuke peke yake. Ubora wa shule unaanzia mlangoni kwako hadi getini kwao.

Mlezi_Kasulu
Huku kwetu shule ni moja, inayofuata ni kilomita tisa, kwa hiyo kuchagua hatujawahi. Tulichofanya ni kuingia kamati ya shule. Tulipoanza kuuliza mahudhurio ya walimu na watoto kwenye kila kikao, mambo yalianza kusogea.

ZaoLaKayumba
Naongezea ya kuhesabu, maana haya hayahitaji utaalamu. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Nenda nyuma ya madarasa uhesabu matundu. Shule nyingi hazifiki hapo, lakini utajua zimepungukiwa kiasi gani. Na angalia kama kuna maji ya kunawa, si ndoo kavu iliyowekwa kwa ajili ya wageni.

MamaNuru_Chamazi
Nimerudi. Nimechukua ruhusa kazini siku mbili, nimekwenda zote.

Ya tatu walinipokea vizuri ofisini, darasani sikuingia, wana utaratibu wao wa siku ya wazazi. Nimeiacha kwa sababu ya safari. Baba yake Nuru naye anatoka alfajiri, na Kiingereza nyumbani kwetu ni changu mimi tu, tena cha kuungaunga.

Ya majengo mapya ilinivunja moyo. Darasa la pili watoto 64, madawati ya kutosha, ukuta mweupe mtupu. Madaftari matatu yote tarehe ya mwisho kusahihishwa ilikuwa wiki tatu nyuma. Binti mmoja akanisomea ukurasa kwa sauti nzuri kabisa. Nikafunika picha, nikamwomba aanzie mwisho. Akatazama kiganja changu, akatazama usoni kwangu, akarudia ile sentensi ya mwanzo. Nilitamani kumkumbatia.

Ya karibu. Watoto 118 kwenye chumba kimoja. Nilisimama mlangoni nikasema hapa hakuna kitu. Lakini mwalimu, mama wa makamo, amewagawa makundi. Wengine wapo mkekani wanahesabu vifuniko vya soda, vimefungwa kumikumi kwenye soksi kuukuu. Wengine wanapanga silabi zilizokatwa kwenye maboksi. Yeye anakaa na kundi moja tu kwa wakati, akiliacha hili anakwenda lile. Daftari la mtoto wa dirishani limesahihishwa jana. Aliandika "mboka", chini yake kwa kalamu nyekundu "soma tena", chini yake mtoto kaandika "mboga" mara tatu, pembeni sahihi ya mwalimu. Nilimwita kijana huyohuyo. Alisoma kutoka mwisho, taratibu, akipigia kila neno kidole.

Watahiniwa wao nimewahesabu kama mwalimu alivyonielekeza. Walioondoka njiani ni wachache sana. Mapato na matumizi ya ruzuku yamebandikwa nje ya ofisi, yana mhuri na tarehe ya mwezi uliopita.

Vyoo ni aibu. Matundu manne kwa wasichana zaidi ya mia tano. Hilo sitalinyamazia.

Kibaha_Msufini
Nimesoma mara mbili. Hilo la kulinganisha la nne na la saba sikulijua, nimefungua ya kwetu nikakuta pengo kubwa. Asante kwa kwenda na kurudi kutuambia.

Ticha_Mstaafu
Umeona vizuri kuliko wakaguzi wengi niliowapokea. Kabla hujaandikisha, uliza jambo moja: Januari la kwanza atashika nani? Walimu wazuri wa madarasa ya chini huwa wanapandishwa kufundisha la saba. Na uandikishaji ukianza Oktoba usingoje Desemba, cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi, uombe zamu ya asubuhi.

MamaNuru_Chamazi
Nimeuliza leo asubuhi. Yule mama wa vifuniko anarudi la kwanza Januari, na Nuru nimemwombea zamu ya asubuhi. Kikao cha wazazi ni Jumamosi na nimeomba vyoo viwe ajenda ya kwanza. Fundi yeyote wa huku Chamazi anayeweza kunikadiria gharama za matundu manane, pamoja na shimo, aniandikie kabla ya Ijumaa ili nisiende na maneno matupu.